Saa Mbili za Kobero: Uhakiki wa Kiolesura cha Kalenda katika Wingu la Binafsi

Ikisiri

Makala hii inahakiki kiolesura cha kalenda kinachoongezwa katika programu ya wingu la binafsi, hasa Nextcloud, kwa kukisoma kama matini ya Kiswahili. Hoja yake ni kwamba tafsiri iliyopo imehamisha majina ya nyakati bila kuhamisha hesabu ya nyakati, na kwamba neno "saa" likitangulia tarakimu za saa ishirini na nne huzaa tungo ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuiamini. Mfano mkuu ni mpaka wa Kobero, ambako nchi mbili, saa za maeneo mawili na hesabu zaidi ya moja za siku za juma hukutana.

Mahali

Kobero ni kituo cha mpakani kaskazini-mashariki mwa Burundi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Muyinga hadi mageuzi ya mwaka 2025 yalipouunganisha mkoa huo na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza. Ng'ambo yake ni Kabanga, katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, Tanzania. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya Ukanda wa Kati hupita hapo yakielekea Muyinga, Gitega na Bujumbura. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha dereva, wakala wa forodha, mbadilisha fedha na mwenye nyumba ya wageni, wengi wao wakiwa na Kirundi, Kihangaza au lugha nyingine ya kwanza.

Jambo linalokifanya kituo hiki kifae kwa uhakiki huu ni saa. Burundi hufuata saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko mbele ya UTC kwa saa mbili. Tanzania hufuata saa za Afrika ya Mashariki, zilizo mbele kwa saa tatu. Mtu akivuka kutoka Kobero kwenda Kabanga kwa miguu, hupoteza saa moja nzima kabla hajatoa jasho, akirudi, huirejeshewa. Hapa hata kauli nyepesi kama "tuonane kesho saa mbili" hudai swali la pili: saa mbili za wapi? Wenyeji wamezoea kuuliza, ila kalenda ya kwenye simu haiulizi.

Kinachohakikiwa

Wingu la binafsi ni mpango unaoeleweka kwa urahisi. Badala ya kuacha nyaraka, picha, anwani na miadi katika kompyuta za kampuni ya mbali, mtu au ofisi huweka seva yake mwenyewe, hata ikiwa ni kikompyuta kidogo kilichowekwa juu ya kabati, na kuunganisha simu na kompyuta zake humo. Nextcloud, iliyojitenga na ownCloud mwaka 2016, ni mojawapo ya programu zinazojulikana zaidi katika kundi hili. Leseni yake ya AGPL humruhusu mwenye seva kuusoma msimbo na kuubadili. Kalenda yake ni programu inayoongezwa juu ya programu kuu: mwenye seva akitaka huiweka, asipotaka huiacha.

Chini ya kalenda hiyo kuna viwango viwili vya kimataifa. iCalendar, iliyoandikwa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009, inaeleza jinsi tukio linavyonakiliwa katika faili. CalDAV, ya mwaka 2007, inaeleza jinsi tukio hilo linavyosafiri kati ya seva na simu. Miadi ya saa mbili asubuhi, Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, huko Kobero, huhifadhiwa kama 20250310T080000, ikiambatanishwa na jina la eneo, yaani Africa/Bujumbura. Ghala hili halina ubaya wowote. Mashine inajua ni wakati gani hasa unaokusudiwa, na simu iliyowekwa saa za Africa/Dar_es_Salaam itausogeza wakati huo kwa saa moja bila kuambiwa. Wala sina ugomvi na vifupisho vya siku vilivyomo ndani ya faili, MO, TU na vinginevyo. Hizo ni alama za mashine, na binadamu hakukusudiwa kuzisoma.

Uhakiki huu basi unahusu uso tu, yaani kile ambacho macho ya mtu hukutana nacho. Wahandisi huwa na desturi ya kuuona uso huo kama ganda: kazi imekwisha chini, kilichobaki ni kubandika maneno. Desturi hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa tulipo.

Neno "saa" ni dai la hesabu

Kwa miaka mingi Nextcloud imetumia maktaba ya msimbo iitwayo Moment kuonyesha tarehe na saa kwa lugha mbalimbali. Kiswahili kimo. Faili yake imeandaliwa na mtu anayekijua Kiswahili, na hilo linaonekana katika mambo kadhaa nitakayoyasifu baadaye. Lakini katika faili hiyo, tukio la siku ileile hutanguliwa na maneno "leo saa", na la siku inayofuata "kesho saa", kisha hufuata tarakimu za saa ya kimataifa. Matokeo yake ni tungo kama "kesho saa 08:00".

Tuitazame tungo hiyo kwa makini. Kwa Kiswahili, "saa" ikifuatwa na namba huwa sehemu ya mfumo wa kuhesabu. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko, na saa moja ya usiku ni ya kwanza baada ya machweo. Mfumo huo haukubaki katika mazungumzo tu. Magazeti ya Tanzania huandika "saa 2:00 usiku" kwa maana ya saa ishirini kamili kwa hesabu ya kimataifa, na mechi ya "saa 10:00 jioni" huanza saa kumi na sita kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo neno "saa", tarakimu, nukta mbili na tarakimu tena ni maandishi ambayo tayari yana maana iliyokubalika katika uandishi wa Kiswahili sanifu. Kiolesura kimechukua maandishi hayo na kuyapa maana nyingine bila kumtaarifu msomaji.

Chukua mfano wa wakala wa forodha wa Muyinga ambaye mteja wake amempangia miadi ya kukagua mzigo, na seva yao ikaonyesha "kesho saa 08:00". Msomaji aliyezoea kompyuta atakisia kuwa ni saa mbili asubuhi. Anayesoma Kiswahili kama Kiswahili anaweza kusoma saa nane, akafika mchana, saa sita zimeshapita. Na kama simu yake imebaki na saa za Tanzania kwa sababu jana alilala Ngara, skrini itamwandikia "kesho saa 09:00", naye ana namna nne za kuielewa miadi moja: saa tatu au saa tisa, za Kobero au za Kabanga. Lori lililokosa ukaguzi hulala, na kulala kwa lori ni gharama.

Inafaa kutofautisha makosa ya aina mbili hapa. "Leo saa 14:00" ni kosa la lugha tu. Kiswahili hakina saa ya kumi na nne, hivyo hakuna atakayedanganyika. Ataona tungo mbovu, aitafsiri kichwani na kuendelea. Hatari imo katika namba kuanzia moja hadi kumi na mbili, kwa sababu kila mojawapo ni saa halali katika hesabu zote mbili. Nusu nzima ya siku, na ndiyo nusu ambamo ofisi hufunguliwa, imo katika eneo hilo la utata.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia katika mijadala ya aina hii, na lina nguvu. Waswahili, husemwa, wamekuwa wakivaa saa za mkononi zenye uso wa Kizungu kwa vizazi kadhaa. Mshale huelekea kwenye 8 na mtu husema "saa mbili" bila kusita. Iweje basi tarakimu za simu zimsumbue? Jibu ni kwamba uso wa saa ya mkononi haujaandikwa neno "saa". Unatoa alama, na msomaji ndiye anayeitamka kwa lugha yake. Tarakimu 08:00 peke yake ni alama ya aina hiyo. Kila mtu, kutoka Kobero hadi Lamu, anaweza kuisoma. Utata huanza pale kiolesura kinapojitwika kazi ya kutamka kwa niaba ya msomaji, kisha kikatamka kwa hesabu ya lugha nyingine.

Kwa sababu hiyo, hukumu yangu juu ya tungo hii ni kali kuliko ile inayotolewa kwa kawaida kwa tafsiri pungufu. Tafsiri pungufu husaidia kiasi. Hii imeharibu alama iliyokuwa inafanya kazi. "Kesho, 08:00" ingekuwa bora kuliko "kesho saa 08:00", na uthibitisho umo ndani ya faili ileile: tukio la siku iliyopita huandikwa "jana" na tarakimu tu, bila neno "saa", na hakuna anayepotea. (Tukio la wiki ijayo limepewa neno "saat", ambalo nalichukulia kuwa kosa la uchapaji lililoishi muda mrefu.)

Bora zaidi, bila shaka, ni kuandika "kesho saa 2:00 asubuhi, saa za Burundi". Hesabu yenyewe ni nyepesi: toa sita, ukipata sifuri au pungufu, ongeza kumi na mbili, na ukipata zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili. Hakuna kinachobadilika katika ghala. Kigumu ni kuteua kipindi cha siku, kwa maana mipaka ya alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri na jioni haikuchorwa kwa rula. Hata hivyo magazeti huteua kila siku, na wasomaji hawalalamiki.

Jua la Kobero

Yupo atakayesema kwamba hesabu ya saa ya Kiswahili ni ya pwani, na kwamba kuipeleka Burundi ni kuwatwisha Warundi desturi isiyo yao. Hoja hii haisimami kwa sababu mbili. Kwanza, Kirundi chenyewe huhesabu saa kuanzia asubuhi kwa namna ileile. Pili ni jua. Kobero iko karibu sana na longitudo ya 30 Mashariki, ambayo ndiyo mstari wa katikati wa saa za Afrika ya Kati. Jua huchomoza hapo karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, na adhuhuri huangukia karibu na saa sita. Kabanga, kilomita chache tu mashariki, inatumia saa zilizopangwa kwa longitudo ya 45, mstari unaopita mbali baharini, mashariki ya Zanzibar. Huko jua lilelile huchomoza karibu na saa moja.

Kwa maneno mengine, saa ya Kiswahili, ile inayoanza kuhesabiwa mchana unapoanza, inakaa sawasawa zaidi upande wa Burundi kuliko upande wa Tanzania. Sijui kama kuna mpaka mwingine ambapo jambo hili linaonekana wazi hivyo. Na ni upande huo ambao data za kompyuta haziutambui kuwa na Kiswahili, kama tutakavyoona.

Siku ya tatu ni ipi?

Juma la Kiswahili lina historia mbili ndani yake. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zinahesabu kutoka siku inayofuata Ijumaa. Kisha huja Alhamisi, jina la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, lililohesabiwa kuanzia Jumapili. Hivyo Mswahili hupita siku ya tano mara mbili mfululizo na hashangai.

Kirundi kinahesabu kwa njia nyingine. Jumatatu ni "ku wa mbere", siku ya kwanza. Jumanne ni "ku wa kabiri". Jumatano ni "ku wa gatatu", siku ya tatu, na Ijumaa ni "ku wa gatanu", siku ya tano. Kiswahili cha mashariki ya Kongo nacho kina mazoea hayo: siku ya kwanza ni ile inayofuata Jumapili, na siku ya tatu ni Jumatano. Kwa hiyo namba tatu humaanisha Jumatatu kwa mtu wa Ngara na Jumatano kwa mtu wa Muyinga, na namba tano humaanisha Jumatano kwa huyo wa kwanza na Ijumaa kwa huyo wa pili. Tofauti ni siku mbili kamili, na sikio la Mrundi anayejifunza Kiswahili shuleni linavutwa na "tatu" kuelekea "gatatu" kila mara.

Turudi kwenye kalenda. Mwonekano wa mwezi katika simu una nafasi ndogo juu ya kila safu, hivyo hutumia vifupisho. Moment ina vifupisho vya namna mbili. Vile virefu kidogo, Jpl, Jtat, Jnne, Jtan, Alh, Ijm na Jmos, ni vizuri. Vinasomeka na havigongani. Vile vifupi kabisa ni J2, J3, J4, J5, Al, Ij na J1. Hivi vimebuniwa kwa akili, na vinaheshimu muundo wa lugha: J1 ni Jumamosi kwa sababu mosi ni moja. Darini au Unguja ningevitetea bila wasiwasi. Kobero siwezi. J3 mbele ya msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ina "gatatu" ni kama kumtegea.

Na bado J3 ni bora mara elfu kuliko kinachopatikana kwingine. Vivinjari na simu nyingi huchota majina ya siku katika kanzidata ya CLDR inayotunzwa na Unicode Consortium. Humo, majina kamili ya siku za Kiswahili ni sahihi. Lakini vifupisho vya herufi moja vya Kiswahili ni S, M, T, W, T, F na S. Hivyo ni vifupisho vya Kiingereza. Jumatano inawakilishwa kwa W, herufi isiyopatikana popote katika jina lake, na hakuna anayeweza kudai kuwa hiyo ni tafsiri. Kanzidata hiyohiyo inajua kwamba adhuhuri huitwa "saa sita za mchana" na usiku wa manane "saa sita za usiku". Saa sita kamili data hujua Kiswahili. Dakika moja baadaye imekisahau, na hakuna mahali pengine inapodokeza kwamba hesabu hiyo inaendelea.

Siku ya kuanza juma nayo imeamuliwa kwa nchi. Anayechagua Kiswahili cha Kenya huanza juma lake Jumapili. Anayechagua cha Tanzania huanza Jumatatu. Mfumo unao uwezo wa kuanza Jumamosi, na hufanya hivyo kwa Misri na Sudani. Kwa Kiswahili, lugha ambayo siku hiyo inaitwa ya kwanza waziwazi, hakuna nchi iliyowekewa hivyo. Sisemi kila ofisi ianze juma Jumamosi. Juma la kazi ni suala la serikali na dini na mazoea. Nasema chaguo hilo liwepo mahali panapoonekana.

Jambo la usiku nitaligusa tu. Visanduku vya kalenda hukatwa saa sita za usiku. Mswahili wa pwani anayesema "usiku wa Ijumaa" akimaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa ataikuta shughuli yake katika kisanduku cha Alhamisi. Waandishi wa habari wamelitatua kwa "usiku wa kuamkia", na kiolesura kinaweza kuazima hilo katika maandishi ya ukumbusho bila kugusa visanduku.

Nani arekebishe, na wapi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na tangu hapo wanaisimu wetu wamekuwa na uzoefu wa kusanifu istilahi za kompyuta. Tumejadili sana kama tuseme kiolesura au sura, seva au mhudumu. Mijadala hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ilitufundisha kuitazama programu kama orodha ya nomino, na kalenda haikai katika nomino.

Watunzaji wa Moment walitangaza mwaka 2020 kwamba maktaba hiyo haiendelezwi tena zaidi ya matengenezo madogo. Programu mpya zinahamia kwenye huduma za kivinjari chenyewe, na hizo hutegemea CLDR. Maana yake ni kwamba mahali pa kupeleka marekebisho si katika programu moja moja bali katika kanzidata hiyo, ambayo hupokea mapendekezo na kura za wajuzi wa lugha. Pendekezo juu ya zile herufi saba linaweza kuandikwa mchana mmoja. Pendekezo juu ya hesabu ya saa ni zito zaidi, kwa kuwa CLDR haina umbo la kuonyesha saa iliyotolewa sita. Itabidi umbo lenyewe libuniwe, na hoja iandikwe kwa Kiingereza na watu wanaoweza kuonyesha magazeti, ratiba na matangazo ya miaka mingi. Idara zetu za Kiswahili zinao watu hao. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ingekuwa na uzito wa kutosha kulibeba.

Palepale kuna ombi la tatu. CLDR inatambua Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Burundi imepewa Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Mtumiaji wa Muyinga au Gitega anayetaka kalenda ya Kiswahili hulazimika kujitangaza kuwa mtu wa nchi jirani, na katika programu zinazofungamanisha lugha na nchi, hupokea pia mwanzo wa juma na muundo wa tarehe wa nchi hiyo. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Kuiongeza katika orodha hakuhitaji kubuni chochote kipya.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye seva yake mwenyewe ana nafasi ambayo mtumiaji wa kalenda za kampuni kubwa hana. Anaweza kufungua faili ya Kiswahili, kufuta neno "saa" katika mistari miwili, kuliondoa "saat" katika mistari mingine miwili, na kuweka vifupisho virefu mahali pa J2 na J3. Kazi hiyo haimalizi robo saa. Atalazimika kuirudia kila toleo jipya linapowekwa, kwa sababu toleo jipya huja na faili ya zamani.